Yaliyosemwa Juu ya Ndege

Kila Jumapili saa tatu asubuhi Theodora Shekiondo alivaa glavu za mpira, akapanda ghorofa ya juu ya nyumba ya Bibi Masouda pale Wadi Kabir, Muscat, akawapangusa vumbi ndege wa Daktari. Walikuwa mia nne na kumi na wawili, wamelala chali ndani ya kabati la mbao lenye droo kumi na sita, kila mmoja ana pamba machoni na kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi. Alitumia brashi laini na kopo la naftalini. Alianza droo ya kwanza, na adhuhuri ilipokaribia alikuwa kwenye ya mwisho. Kiyoyozi cha chumba kile hakikuzimwa mwaka mzima, ingawa Bibi mwenyewe alilala na feni.

Jumapili ya pili ya Novemba, ndege mmoja wa droo ya kwanza, chozi, alikohoa.

Theodora akaweka brashi chini, akasubiri. Chozi akatema kipande cha pamba kisichozidi punje ya mchele, kisha akasema kwa sauti ya mwanamume mzima: "Unisamehe, mdogo wangu. Si mimi, ni kazi." Kutoka mdomo uleule ikafuata sauti nyingine, ya mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani: "Huyu anaitwaje?" Ile ya kwanza ikamjibu. Ikasikika kalamu ikikwaruza karatasi, na mvua ikipiga bati mahali fulani mbali. Halafu chozi akanyamaza, akalala vilevile alivyolala miaka tisini, ila mdomo ulibaki wazi kidogo.

Theodora alimaliza droo ile, maana ilikuwa imebaki mistari miwili tu, kisha akateremka. Bibi Masouda alikuwa mezani akipanga vidonge vyake vya wiki katika kisanduku cha siku saba. Alizaliwa Unguja, alisomesha jiografia Muscat miaka thelathini, na mpaka leo hakupenda kukatizwa akihesabu.

"Bibi, kuna ndege kule juu anasema."

"Anasema nini?"

"Anaomba msamaha."

Bibi akatia kidonge cha Alkhamisi mahali pake. "Kwa Kiarabu au kwa Kiswahili?"

"Kiswahili, Bibi. Kimekaa kama cha kwetu milimani."

"Haya, ntapanda nkishakula. Nkipanda ngazi na tumbo tupu nnapata kisunzi."

Daktari mwenyewe aliitwa Wetherell. Waingereza walimpeleka Tanganyika akiwa kijana, akakaa miaka kumi na miwili katika milima ya Usambara. Asubuhi alitibu watu, na alasiri alikusanya ndege. Baadaye alihamishiwa Ghuba, akapanga nyumba Sidab, kando ya Muscat, kwa Mzee Yaqoob, baba mkwe wa Bibi Masouda, na huko joto la Julai likamuua. Alizikwa kwenye makaburi ya Wakristo katika ile ghuba ndogo isiyofikika ila kwa mashua. Mzee Yaqoob aliandika barua tatu Uingereza kuuliza nani atalichukua kabati. Hakujibiwa, na kwa kuwa amana ni amana akalitunza. Alipokufa akalitunza mwanawe, na mwanawe alipokufa akalitunza mjane, ambaye ndiye Bibi Masouda.

Suud, mtoto wa Bibi, alikuwa mkurugenzi wizarani, na jioni zake zote kwa miaka minane alikuwa akiandika kitabu juu ya maisha ya Daktari. Alijua makala zake sitini na moja kwa moyo. Alijua kwamba aina kumi na moja za ndege ziliingia katika elimu ya ulimwengu kwa mkono wake, na kwamba mmojawapo, kijindege cha ukungu chenye rangi ya majivu na kifua cha kutu, hupatikana katika mlima mmoja tu duniani na huitwa kwa jina la Daktari. Kitabu kilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Kabati lenyewe lilikuwa limeombwa na jumba jipya la makumbusho lililokuwa lifunguliwe Februari.

Suud alipofika alasiri ile kutoka kazini, ndege arobaini walikuwa wameshakohoa. Alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe ya dishdasha, mkoba begani, akawasikiliza watatu. Kisha akatazama vikaratasi vya miguuni.

"Wanakwenda kwa nambari," akamwambia mama yake. "Namna walivochunwa. Wa kwanza kuchunwa ndo wa kwanza kusema."

"Mimi nshasikia thalathini," alisema Bibi Masouda, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pekee na shali mabegani kwa ajili ya baridi. "Huyo bwana anasema vizuri. Mwenye kuuliza ndo Daktari wako. Lakini mwenye kujibu nani?"

Suud hakujua. Katika daftari zote za Daktari kulikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa "boi wangu". Boi wangu alileta hondohondo dume. Boi wangu alichuna ninga wawili.

Siku ya tatu, katika droo ya pili, kwezi mmoja alisema kwa sauti ya Daktari: "Shekiondo, lete taa."

Suud alisimamisha maandishi yake. Akashuka ngazi polepole mpaka jikoni, ambako Theodora alikuwa akiosha sufuria.

"Theodora, ubini wako nani?"

"Shekiondo, Bwana Suud. Kwenye kitambulisho upo."

"Wa Lushoto?"

"Wa Gare, juu ya Lushoto."

Suud akaenda sebuleni, akachukua kiti, akakipandisha mwenyewe mpaka chumba cha ndege, akakiweka kando ya kile cha mama yake. "Njoo ukae," alisema. Theodora alikuwa na miaka minne katika nyumba ile, na hakuwa amewahi kuketi chumbani mle. Alikausha mikono, akaketi.

Walimuuliza anajua nini juu ya mtu huyu. Alijua kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kibaya. Shekiondo alikuwa baba wa babu yake, mfanyakazi wa mzungu wa ndege, na alikufa kijana. Ukoo ulisema mkewe, Salome, alimwua kwa sumu ya kichawi aliyoitia katika uji. Walimfukuza na mtoto mgongoni, wakachukua shamba. Tangu siku hiyo uzao wa Salome uliishi bondeni kando ya kijito, mahali ambapo mahindi huoza kabla hayajakomaa. Baba yake Theodora, mzee Leodegar, alikuwa na ombi moja tu maishani: azikwe juu, kwenye makaburi ya ukoo, karibu na babu yake. Alikuwa ameomba mara tano. Wazee walimjibu mara tano kwamba damu ya mchawi hailali pale.

"Pole, mwanangu," alisema Bibi Masouda. Kisha akamwashiria Suud afungue droo ya tatu.

Walisikiliza wiki nne. Ndege walikohoa kumi, kumi na tano kwa siku, na aliyekwisha kukohoa alirudia maneno yake kila droo ilipofunguliwa. Shekiondo alimwambia Daktari kila kitu. Alimwambia tiva hujenga kiota chake kwenye tawi gani na kwa mwezi gani, na kwamba kurumbiza huiga sauti za wenziwe wote isipokuwa ya mwewe. Alimwambia pia kwamba hondohondo jike huziba mlango wa kiota akiwa ndani na kumtegemea mumewe kwa chakula, na mumewe akifa naye hufa. Akawa akiwaita ndege kwa majina ambayo Theodora aliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake, na alipokuwa hajui jina alisema hajui. Kalamu ilikwaruza. Nyuma ya maneno msitu ulivuma, matone yalidondoka kutoka majanini, mbawa nzito zilipita juu. Vioo vya dirisha vilipata unyevu kwa ndani, na harufu ya kuvu na majani mabichi ikaishinda ya naftalini.

Mafundi wa gereji ya jirani, wapiga bodi wa Kipakistani, walianza kuzima mashine zao kila alasiri. Walikaa kwenye matairi chini ya dirisha na vikombe vya chai, hawaelewi hata neno, wakasikiliza mpaka droo ilipofungwa. Mmoja wao aliuliza mara moja tu kama ni Kurani ya lugha nyingine. Theodora akamwambia hapana, ni mtu anaeleza kazi yake. Fundi akatikisa kichwa kwa heshima.

Suud alikuwa na makala za Daktari pajani. Ndege aliposema, aliifuata mistari kwa kidole. Maneno yalikuwa yaleyale, sentensi kwa sentensi, ila yamegeuzwa Kiingereza. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kijindege cha ukungu kilikuwa katika droo ya saba, peke yake juu ya kitambaa. Daktari alikuwa ameandika kwamba alikipata mwenyewe alfajiri, baada ya kukaa siku tatu mlimani katika ukungu usioonyesha kiganja. Kijindege kikakohoa, kikatoa pamba. Kwanza ulisikika mlio wake chenyewe, sauti mbili ndogo, ya pili ikishuka kama mtu anayeketi. Katika ndege wote, huyu peke yake ndiye aliyekuwa na sauti yake. Halafu Shekiondo, karibu kabisa, akinong'ona: "Siku tatu nakufuata. Baba alinionyesha mlio wako, uso wako sikuwahi kuuona." Kisha hatua ndefu za kushuka mlima, mlango ukagongwa, na sauti ya Daktari ya mtu anayetetemeka kwa homa: "Weka mezani, Shekiondo. Siwezi kuinuka."

"Huyu hayumo katika kitabu chako, Bwana."

"Una hakika?"

"Nimezitazama picha zake zote."

"Basi tutamtia," alisema Daktari.

Bibi Masouda alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya shali. Suud alifunga kompyuta. Theodora aliinama mpaka uso wake ukawa shubiri moja juu ya droo, akakaa hivyo, na hakuna aliyemwambia asogee.

Kutoka droo ya tisa mambo yalibadilika. Kunguru mmoja alisema kwa sauti ya Shekiondo: "Bwana, mbona wewe unavaa glavu, mimi sivai?"

"Hii sabuni ya kuhifadhia ngozi za ndege ni sumu," Daktari alimjibu. "Nina jozi moja tu, na mikono yangu ni ya kutibia."

"Sawa, Bwana."

Theodora akatazama mikono yake iliyokuwa ndani ya mpira. Suud ndiye aliyemkataza kugusa ndege bila glavu, siku ya kwanza kabisa alipoingia nyumba ile, kwa sababu alikuwa amesoma juu ya sabuni hiyo.

Katika droo ya kumi Shekiondo alianza kukohoa mwenyewe, na ikawa vigumu kutofautisha kikohozi chake na cha ndege. Katika ya kumi na moja sauti yake ilikuwa nyembamba, na ikaingia sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya chini, yenye haraka kidogo, ya mtu aliyeacha kitu motoni.

"Kunywa uji."

"Weka hapo, Salome."

"Nikiweka hunywi. Fungua kinywa. Mikono yako imekuwa kama magamba ya samaki."

"Ni sabuni ya ndege."

"Mwambie Daktari."

"Nimemwambia."

Maji yalisikika yakimiminwa kwenye beseni. Alikuwa akimnawisha. Ndege ishirini na saba walikuwa na sauti ile ya maji. Katika wote Shekiondo aliendelea kuomba msamaha kabla ya kupasua kifua, hata pumzi ilipokuwa haimtoshi kumaliza maneno.

Droo ya kumi na tatu ilikuwa na Daktari peke yake, akijisemea Kiingereza. Katikati yake ninga mmoja wa kijani alitoa sauti ya mzee ambaye Theodora hakumjua, lakini lafudhi yake ilikuwa ya Gare.

"Daktari, kijana wetu amekufa kwa nini?"

Kalamu ikasimama. "Sijui. Homa."

"Homa haikaushi mikono. Mkewe ndiye aliyekuwa akimpa uji."

"Hayo ni mambo yenu," alisema Daktari. "Mimi siyajui." Kalamu ikaendelea.

Theodora aliomba ruhusa, akaenda bafuni, akafungua bomba, akakaa humo mpaka Bibi Masouda alipokuja kusimama nje ya mlango. Hakugonga. Alisema tu, "Nipo hapa, Theodora," akabaki amesimama, na miguu yake haikuwa miguu ya kusimama.

Ijumaa Theodora alimpigia baba yake. Huko bondeni hakuna mtandao, kwa hiyo mzee Leodegar alipanda mpaka kwenye jiwe lililo nyuma ya shule, akaketi na simu sikioni, na binti yake akaiweka yake kwenye ukingo wa droo. Alisikiliza saa mbili na nusu.

"Ndiye?" aliuliza mwishoni.

"Ndiye, baba."

"Anacheka kama baba yangu. Nirudishie huyo mwanamke."

Akamrudishia, mara nne.

Jumapili iliyofuata mzee Leodegar aliwapandisha wazee wanne wa ukoo kwenye jiwe lile. Walikuja na vigoda vyao. Theodora alifungua droo kwa mpangilio, ya saba, ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tatu. Wazee walisikia yote, wala hawakubisha. Waliitambua sauti ya yule mzee wa ninga, alikuwa babu wa mmoja wao. Walipomaliza waliomba muda, wakajadiliana nyuma ya darasa la nne, wakarudi na jibu.

"Wamesema nini, baba?"

"Wamesema maneno ni ya kweli," alijibu mzee Leodegar. Upepo ulikuwa ukipiga simu. "Lakini wanasema, ndege aliyekufa miaka tisini akisema kwa sauti ya mtu aliyekufa miaka tisini, huo ndio uchawi wenyewe. Na mwenye kuwasemesha ni kitukuu wa Salome. Kwa hiyo imebaki palepale."

Theodora akaisukuma droo ya kumi na tatu ikafunga.

"Usihuzunike, mwanangu. Mimi nimemsikia babu akilishwa uji. Nani mwingine wa rika langu amemsikia babu yake akilishwa uji?"

Kutoka makumbusho alikuja Daktari Wijdan, mtaalamu wa ndege, mwanamke wa miaka arobaini na tano aliyejifunza Kiswahili kwa bibi yake na kukisema kwa tahadhari. Alileta fomu ya kupokea kabati. Alisikiliza siku mbili bila kuandika kitu, akala chakula cha mchana mezani kwa Bibi Masouda, na wiki iliyofuata akarudi, akamwita Theodora pembeni.

"Nimewaandikia wote wanaohusika na majina ya ndege," alisema. "Wamenijibu vizuri. Hakuna aliyesema nnadanganya."

"Watabadilisha?"

"La. Kanuni inasema jina lililochapishwa kwanza ndo jina. Hata kama aliyechapisha hakumwona ndege huyo akiwa hai. Hata kama alikuwa kitandani." Alitazama sakafu. "Nliomba kibao cha makumbusho kiwe na majina mawili. Kamati imesema kibao kina mistari sita, nayo imeshajaa. Unisamehe, dada."

"Si wewe," alisema Theodora.

Wijdan akajaza fomu. Kwenye nafasi ya hali ya vielelezo aliandika: nzuri, vinasema.

Suud alichelewesha kitabu chake mwezi mzima. Aliandika sura mpya, mpiga chapa akasema kurasa zimekwisha kuhesabiwa. Akaifupisha ikawa ukurasa, ukurasa ukawa aya. Kitabu kilipotoka, chini kabisa ya ukurasa wa mia na arobaini, kwa herufi ndogo, palisomeka kwamba Daktari alisaidiwa na mwenyeji mmoja mwaminifu. Suud alimletea Theodora nakala na kuiweka mezani bila kumtazama. Yeye akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kama alivyolelewa.

Kabati liliondoka Januari. Chumba cha juu kilizimwa kiyoyozi, na kwa siku kadhaa mafundi wa gereji waliendelea kuketi kwenye matairi saa ileile, kisha wakawasha mashine zao.

Jumanne moja ya Machi, Bibi Masouda alimpa Theodora ruhusa ya siku nzima na nauli ya teksi ya kwenda makumbusho. Ukumbi wa ndege ulikuwa mrefu na wenye giza la makusudi. Droo zote kumi na sita zilikuwa wazi chini ya kioo chenye matundu madogo, na watu walipita wakiwa wameshusha sauti, kama wanaopita kwa mgonjwa aliyelala. Wanaume wazima walikuwa wamevua kofia. Ndege walisema kwa zamu, na ukungu mwembamba ulitambaa sakafuni ukifika vifundoni. Wafanyakazi wa usafi walikuwa wakiukausha kwa matambara kila baada ya saa moja.

Mbele ya droo ya kumi na moja kulikuwa na kundi la wasichana wa shule na mwongozaji wao, Bashayer, mwenye beji kifuani. Salome alikuwa akimimina maji. Wasichana walikuwa wamesimama bila kujongea, hata wale wa nyuma waliokuwa wakichezea simu walikuwa wameziweka mfukoni. Theodora aliusogelea umati wao, akasimama.

"Nani anayesema?" aliuliza msichana mmoja kwa Kiarabu. Beji yake iliandikwa Shahad.

Bashayer, asiyejua Kiswahili, akageukia kibao, akakisoma mistari yote sita. "Ni Daktari Wetherell," alisema.

"Na huyu mwanamke?"

Bashayer akakitazama kibao tena. Hakikusema. "Bila shaka ni mke wa Daktari," alisema kwa upole. "Anamnawisha mikono baada ya kazi."

"Alikuwa akimpenda sana," alisema Shahad.

"Alikuwa akimpenda sana," alikubali Bashayer.

Maji yaliendelea kumiminwa kwenye beseni, taratibu, na wasichana wakainamisha vichwa kuyasikiliza. Theodora alisogea kando ili msichana mfupi aliyekuwa nyuma yake naye apate kuona.